Choa kwa Paka na Mbwa wa Nyumbani: Kukitambua, Kukitibu na Kukitoa Ndani ya Nyumba

Paka akianza kunyonyoka manyoya kwa mabaka ya mviringo, na mtoto wa nyumba hiyohiyo akatokwa na mashilingi (mabaka ya choa) shingoni, katika nyumba nyingi hufuata moja kati ya mambo mawili. Paka hupakwa chochote kilicho karibu, au hutiwa kwenye gunia akatupwe sokoni. Yote mawili ni dhuluma kwa mnyama, na hakuna hata moja linaloondoa ugonjwa. Fangasi wa choa hukaa kwenye manyoya na magamba ya ngozi, na kufikia siku unapoliona baka la kwanza, manyoya hayo yameshaenea kwenye mkeka, kochi na shuka. Paka akiondoka leo, spora za fangasi hao, ambazo ndizo mbegu zao, zinaweza kubaki hai ndani ya nyumba hadi miezi 18 mahali pakavu.

Kazi ya kukitoa choa ina pande tatu zinazokwenda pamoja: kumwogesha mnyama dawa, kumpa dawa ya kumeza, na kuisafisha nyumba. Wanaolalamika kwamba choa cha paka wao hakiishi, mara nyingi wameshika upande mmoja wakaacha mingine miwili. Ugonjwa wenyewe hauui paka mzima mwenye afya, na unatibika kabisa. Jipangie miezi miwili ya kazi ya mfululizo.

Hatua ya 1: Mkague mnyama mwili mzima

Kwa paka, choa karibu kila mara huletwa na fangasi mmoja, Microsporum canis. Mwanga wa kutosha ukiwepo, anza na uso: juu ya pua, kuzunguka macho, kingo za masikio. Shuka kwenye miguu ya mbele na makucha, malizia na mkia. Unatafuta mahali palipokatika manyoya yakabaki visiki vifupi, ngozi yenye magamba kama majivu, pengine na wekundu pembezoni. Tofauti na upele au viroboto, choa cha paka mara nyingi hakimwashi sana. Paka anayejikuna mchana kutwa ana uwezekano mkubwa wa kuwa na tatizo lingine, au ana matatizo mawili kwa pamoja.

Wanaoshikwa zaidi ni watoto wa paka, paka wazee, waliodhoofika kwa minyoo au njaa, na wale wenye manyoya marefu kama Persian. Paka mkubwa anaweza pia kubeba spora kwenye manyoya bila baka hata moja. Ndiyo maana, ukiwa na paka watatu na mmoja tu ana mabaka, wote watatu wanahusika.

Mbwa ni habari tofauti. Anaweza kuambukizwa na paka, anaweza kuokota fangasi wa udongoni, Nannizzia gypsea, anapofukua shimo kwa pua na miguu, na anaweza kupata fangasi wa jamii ya Trichophyton kutoka kwa panya anaowawinda. Lakini kidonda cha duara kwenye tumbo la mbwa, chenye vipele vya usaha na ukingo unaobanduka, mara nyingi ni bakteria. Na mtoto wa mbwa wa miezi mitano aliyenyonyoka kuzunguka macho bila kujikuna huenda ana utitiri wa demodeksi. Watu wengi huona duara, wakasema choa, wakapaka dawa ya fangasi kwa mwezi mzima bila faida yoyote. Kwa mbwa, usitibu kwa kukisia.

Kuna fangasi wengine wa aina ya hamira, Malassezia, wanaowasumbua sana mbwa wa maeneo ya joto na unyevu kama mwambao wetu. Mbwa huyo ananuka, ngozi ya kwapani na shingoni ina mafuta na imekuwa nyeusi na nene, masikio yana uchafu wa kahawia, naye hujikuna bila kupumzika. Hao hawaambukizi nyumba nzima kama choa, na karibu siku zote wamepata nafasi kwa sababu kuna jambo lingine lililoiharibu ngozi, hasa mzio. Huyo apelekwe kwa daktari kwa njia yake. Hatua zinazofuata hapa ni za choa.

Hatua ya 2: Hakikisha

Daktari wa mifugo ana njia tatu rahisi. Ya kwanza ni taa ya Wood, iliyopewa jina la mwanafizikia Mmarekani Robert Williams Wood. Mwanga wake wa urujuani usioonekana ukipiga manyoya yenye Microsporum canis, shina la unywele hung'aa rangi ya kijani mbichi. Ya pili ni kung'oa nywele zile na kuziangalia kwa hadubini. Ya tatu ni kuotesha: mswaki mpya wa meno hupitishwa mwili mzima kwa dakika mbili au tatu, kisha kinachonaswa huoteshwa kwenye sahani maalumu, na majibu huchukua wiki mbili hadi tatu. Usisubiri majibu hayo ndipo uanze matibabu, ikiwa dalili na taa vinaelekea upande mmoja.

Tochi za urujuani zinauzwa madukani na mitandaoni kwa bei nafuu, na unaweza kujipimia mwenyewe ukiwa makini. Nyingi ni za nanomita 395, nazo hutoa mwanga mwingi wa zambarau unaoficha kile unachokitafuta. Tafuta iliyoandikwa 365. Zima taa zote, subiri dakika chache macho yazoee giza, mshike paka kwa utulivu, isogeze tochi karibu na ngozi bila kumwelekezea machoni. Kinachohesabika ni unywele wenyewe kung'aa kuanzia shinani. Magamba, nyuzi za nguo, sabuni na marhamu navyo hung'aa, lakini rangi zake ni nyeupe, buluu au njano. Usipoona kitu, hilo halithibitishi kwamba paka ni salama, kwa kuwa fangasi wa aina nyingine za choa hawang'ai.

Kama mji wako hauna kliniki ya wanyama wadogo, ulizia kwenye vyuo vinavyofundisha tiba ya wanyama: Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) Morogoro, Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete, au Makerere mjini Kampala. Afisa mifugo wa kata naye, hata kama siku zake nyingi anashughulika na ng'ombe, anaweza kukuelekeza kwa mtu anayefaa.

Hatua ya 3: Weka kando yanayodhuru

Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu kuna wanyama wanaokufa kwa tiba huku choa chenyewe kisingewaua.

Oili chafu ya gari, dizeli na mafuta ya taa huunguza ngozi, na paka anapojilamba huviingiza tumboni na mapafuni. Maji ya betri hayahitaji maelezo. Dawa za kuogeshea ng'ombe kupe, zenye amitrazi au permethrini, ni sumu kwa paka hata kwa kiasi kidogo. Tena zinaua wadudu, wala haziwagusi fangasi. Dettol na dawa nyingine za kuua vijidudu ambazo hugeuza maji kuwa meupe zisiguse mwili wa paka kabisa, kwani ini lake haliwezi kuvunja kemikali za jamii ya fenoli kama ini letu. Mafuta ya mti-chai nayo vivyo hivyo, hata kama chupa imeandikwa kuwa ni ya asili.

Mwarobaini ninaujua unavyopendwa. Sina ushahidi wa kukupa kwamba unaondoa choa cha paka, na mafuta yake mazito si ya kumpaka mnyama anayejilamba mwili mzima kila siku.

Kisha kuna zile krimu za mchanganyiko kutoka duka la dawa la watu, zenye dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi kali kama klobetasoli ndani ya tyubu moja. Steroidi huondoa wekundu kwa siku tatu nne na kila mtu akafurahi, huku kinga ya ngozi ikishuka na fangasi wakitambaa chini kwa chini. Soma boksi kabla ya kulipa, iwe ni kwa ajili ya paka au ya mtoto.

Hatua ya 4: Mpe chumba kinachosafishika

Chagua chumba chenye sakafu ya saruji au vigae, kisicho na zulia wala kochi la kitambaa. Bafu la nje au stoo iliyosafishwa yanatosha, mradi kuna hewa na mwanga. Weka sanduku la choo, maji, chakula, na kitambaa cha kulalia unachoweza kukibadilisha kila siku. Wanaomhudumia mnyama huyu wawe mmoja au wawili, wenye shati la mikono mirefu linalobaki mlangoni, na wanawe mikono kwa sabuni wanapotoka.

Kumtenga kusiwe adhabu. Mtoto wa paka hujifunza kuzoea watu katika wiki ya pili hadi ya saba ya maisha yake. Ukimfungia gizani kipindi hicho, utamponya ngozi ukabaki na paka mwoga maisha yake yote. Kaa naye, mchezeshe kwa kamba au mpira wa karatasi unaoweza kutupwa, zungumza naye. Wanyama wengine wa nyumba wanaolala pamoja naye wapimwe na waogeshwe dawa, hata wasio na baka.

Hatua ya 5: Mwogeshe dawa mara mbili kwa wiki

Dawa ya nje ndiyo inayoua spora zilizoko kwenye manyoya, na hivyo ndiyo inayozuia watoto wasiambukizwe. Vidonge pekee haviifanyi kazi hiyo.

Inayopatikana kwa urahisi zaidi ni shampuu ya wanyama yenye klorheksidini na mikonazoli, asilimia 2 kwa 2. Lowanisha mnyama kwa maji ya uvuguvugu, paka shampuu hadi ifike kwenye ngozi, iache dakika 10 ukitazama saa, kisha suuza vizuri na umkaushe kwa taulo. Hizo dakika 10 ndizo zinazopuuzwa zaidi, maana paka analia na anayemshika anataka amalize. Mfunge kwenye taulo kifua na miguu, mwache kichwa nje, na muwe wawili. Jichagulieni siku maalumu, kwa mfano Jumatano na Jumamosi, ili isiwe jambo la kukumbushana.

Ukipata dawa ya salfa na chokaa, au ya enilkonazoli, fuata vipimo vya daktari. Hizi huachwa zikaukie mwilini bila kusuuzwa, kwa hiyo mnyama azuiwe kujilamba mpaka akauke. Salfa inanuka yai viza na huacha rangi ya njano kwenye manyoya meupe, lakini inafanya kazi vizuri sana na ni salama hata kwa watoto wa paka.

Usoni shampuu haifiki salama. Hapo tumia krimu ya mikonazoli au klotrimazoli isiyo na steroidi, kidogo tu, kwenye mabaka, kingo za masikio na sehemu zinapoota sharubu, bila kugusa macho. Mchezeshe au mpe chakula baada ya kupaka ili asahau kujilamba. Krimu kwenye baka pekee, bila kuogesha mwili, ni kujidanganya: manyoya yaliyo jirani na baka yanayoonekana mazima huwa yameambukizwa tayari.

Kuhusu kunyoa, usikimbilie mashine. Inakwaruza ngozi, fangasi hupenda mikwaruzo, na hurusha manyoya yenye spora chumba kizima. Kwa paka mwenye manyoya marefu yaliyosokotana, punguza kwa mkasi wenye ncha butu juu ya gazeti, ulikunje, ulichome moto.

Hatua ya 6: Dawa ya kumeza, kwa kilo na kwa daktari

Dawa ya ndani huzuia fangasi wasiendelee kukua ndani ya unywele unaoota. Inayotumika zaidi kwa paka ni itrakonazoli, miligramu 5 kwa kila kilo moja ya uzito kwa siku, wiki moja anapewa, wiki moja anapumzika, hadi zitimie wiki tatu za dawa. Fanya hesabu: paka wa kilo 3 anahitaji miligramu 15. Kapsuli ya binadamu ina miligramu 100. Mtu anayeifungua kapsuli na kugawa punje kwa macho anaweza kumpa paka dozi mara tatu au nne ya anayostahili, na ini ndilo linalolipa. Mwachie daktari aamue namna ya kuigawa, na mpime paka kwenye mizani kwanza. Njia nyepesi ni kupanda mizani ukiwa umembeba, ukapanda tena bila yeye, ukatoa.

Terbinafini ni chaguo zuri la pili. Griseofulvini ni ya zamani na ya bei nafuu, lakini inaweza kuharibu uboho wa mifupa wa baadhi ya paka, na huharibu mimba. Paka mwenye mimba asipewe. Ketokonazoli inawaumiza paka, ukatae ukipewa. Flukonazoli ina nguvu ndogo dhidi ya fangasi wa choa, hivyo utatumia pesa na muda bure.

Paka akiacha kula, akatapika mara kwa mara au macho na ufizi vikawa vya manjano, simamisha dawa na umpigie daktari siku hiyohiyo.

Hatua ya 7: Nyumba

Fagio kavu ni adui hapa. Hunyanyua manyoya na spora hewani, zikatua juu ya kabati na ndani ya neti. Sakafu ifutwe kila siku kwa kitambaa chenye maji, kuanzia pembeni kuelekea mlangoni, na kitambaa kifuliwe papo hapo. Manyoya yaliyonasa kwenye kochi yatoe kwa utepe wenye gundi wa kufungia maboksi.

Mara mbili kwa wiki, siku zilezile za kuogesha, fanya usafi mkubwa wa chumba cha mgonjwa na mahali alipozoea kulala:

1. Okota na ufute manyoya yote.
2. Osha kwa maji na sabuni ya kawaida, kisha suuza. Hatua hii ndiyo inayoondoa spora nyingi zaidi, na dawa yoyote ya kuua vijidudu haifanyi kazi juu ya uchafu.
3. Pakaa jiki iliyochanganywa sehemu moja kwa sehemu 32 za maji, yaani kama vijiko viwili vya mezani kwa lita moja. Mahali pabaki pamelowa dakika 10.
4. Suuza, fungua madirisha, na mnyama arudi pakishakauka.

Jiki isichanganywe kamwe na siki, dawa ya kusafishia choo yenye asidi, wala kumwagwa juu ya mkojo wa paka usiosuuzwa. Hutoa hewa ya sumu. Usiichanganye kali zaidi ya hapo ukidhani itafanya kazi haraka. Utaumiza macho na pua zenu, na nyayo za paka.

Nguo, shuka na vitambaa vya kulalia vikung'utwe nje, vifuliwe mara mbili kwa sabuni na maji mengi, visishindiliwe kwenye beseni moja. Maji yakiwa baridi hakuna tatizo. Kinachoondoa spora ni msuguano na kusuuza. Mikeka ya ukili isuguliwe kwa brashi na sabuni pande zote mbili. Zulia lioshwe mara mbili na likauke kabisa, na kama ni la zamani na limejaa manyoya, ningelitoa tu. Kichana, kamba ya shingo ya kitambaa na kikapu cha kulalia cha zamani ni bora vitupwe.

Hatua ya 8: Watu wa nyumbani

Mashilingi kwa mtu yaliyotoka kwa paka hujitokeza pale mnyama anapokumbatiwa: mikono, shingo, kifua, shavu. Baka moja au mawili hupona kwa krimu ya klotrimazoli au terbinafini isiyo na steroidi, kwa wiki mbili hadi nne, nawe uendelee kupaka siku kadhaa baada ya baka kupotea. Kichwani ni tofauti. Mapunye hayaponi kwa krimu, kwa kuwa fangasi wako ndani ya unywele. Mtoto apelekwe kituo cha afya apewe dawa ya kumeza.

Na nimtetee paka kidogo. Mapunye ya watoto wa shule huku kwetu mara nyingi ni ya fangasi wanaoishi kwa binadamu, wanaopita kutoka kichwa hadi kichwa kwa mashine za kinyozi, vitana, kofia na kulala kitanda kimoja. Paka asiye na baka wala mng'ao hastahili kufukuzwa kwa sababu ya kichwa cha mtoto. Angalieni kinyozi kwanza.

Kwenye nyumba yenye kichanga, mgonjwa wa saratani anayepata matibabu, au mtu anayeishi na VVU ambaye kinga yake imeshuka, mgonjwa huyo asimhudumie mnyama mwenye choa, na amweleze daktari wake mapema.

Hatua ya 9: Lini usimame

Manyoya yataanza kurudi baada ya wiki kadhaa, na hapo ndipo wengi huacha. Manyoya yaliyorudi hayaonyeshi kwamba spora zimekwisha. Endelea kuogesha mpaka mambo mawili yatimie: mabaka yote yamefunga, na daktari amempima tena kwa kuotesha akakuta hakuna kitu. Kama kuotesha hakuwezekani, tumia taa: manyoya yasing'ae shinani. Ncha za nywele zinaweza kuendelea kung'aa baada ya kupona, kwa sababu rangi hiyo hubaki kwenye sehemu iliyokwisha kuota. Zikate ncha hizo na upime tena baada ya wiki mbili.

Ikiwa miezi miwili imepita na mabaka mapya yanatokea, jiulize kwa mpangilio. Je, kuna mnyama wa nyumbani ambaye hakuogeshwa? Sungura na simbilisi wa watoto wapo kwenye hesabu hiyo, ingawa fangasi wao mara nyingi ni Trichophyton, nao watibiwe kivyao na daktari. Je, dozi ilipimwa kwa uzito wa sasa, au wa alipokuwa mdogo? Paka apimwe virusi vya FIV na FeLV, vinavyodhoofisha kinga ya paka, kama havijapimwa. Na uvimbe au kidonda puani kisichofunga, chenye majimaji, si tabia ya choa. Hicho kichukuliwe kipande kikapimwe maabara, na ukivalie glavu.

Paka mwingine akija nyumbani baadaye, umemwokota au umepewa, mweke chumba chake mwenyewe wiki tatu. Choa huchukua siku 7 hadi 21 kujitokeza baada ya kuambukizwa. Mpitishie taa siku ya kwanza, na tena kabla hujamfungulia mlango.